Lugha Iliyoshuka Melini: Historia ya Nahau za Kiingereza Zilizotoka Baharini

Nahau nyingi za Kiingereza zinazosikika leo bungeni, ofisini na kwenye taarifa za habari zilianza kama maneno ya kazi juu ya sitaha za meli za matanga. Kuanzia karne ya 16 hadi ya 19, Uingereza iliitegemea bahari kwa biashara, uvuvi, vita na makoloni yake, na watu wa bandari zake walizungumza lugha ambayo mkulima wa bara hakuielewa. Polepole lugha hiyo ikashuka melini. Mwanafunzi anayekutana na "by and large" au "taken aback" huambiwa akariri maana tu, kwa kuwa maneno yenyewe hayampi fununu yoyote. Lakini kila nahau ya aina hiyo ina tanga lake, kamba yake au kona yake ya meli, na anayeijua kazi iliyoizaa huielewa bila kukariri.

Chombo chenyewe kilikuwa mtambo mkubwa. Manowari HMS Victory, iliyoshushwa majini huko Chatham mwaka 1765 na kupigana vita vya Trafalgar tarehe 21 Oktoba 1805, ilibeba mizinga 104 na watu wapatao 820. Milingoti yake mitatu ilishikiliwa na kuendeshwa kwa kamba ambazo zikiungwa zingefika urefu wa takriban kilomita 42. (Neno "manowari" lenyewe Waswahili walilitoa kwa Waingereza hao hao, walioiita meli ya vita "man-of-war", mtu wa vita.) Katika karakana ya kamba ya Chatham, jengo lenye urefu wa mita 346, katani ilisokotwa kuwa nyuzi, nyuzi zikawa kamba, na kamba zikawa amari za nanga. Kila kamba ya melini ilikuwa na jina lake, kazi yake na mahali pake maalumu pa kufungwa. Usiku wa dhoruba, taa zikiwa zimezimwa na maji yakipanda sitahani, baharia alitakiwa kuishika ile inayotajwa, asiguse nyingine, maana kamba isiyo yake ingeweza kuangusha foromali, mti unaobeba tanga, juu ya vichwa vya wenzake.

Hapo ndipo ilipotoka "to know the ropes", kuijua kazi kwa undani, pamoja na ndugu yake "to learn the ropes", kujifunza kazi mpya. Richard Henry Dana, kijana wa Kimarekani aliyeacha masomo ya Harvard mwaka 1834 na kwenda California kama baharia wa kawaida, aliitumia nahau hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1840, "Two Years Before the Mast". Tayari ilikuwa imeanza kuhama: Dana anamsema nahodha aliyeizoea pwani ile na mawimbi yake, mtu aliyejua namna ya kuipitisha mashua, wala si hesabu ya kamba anayoitaja.

Sehemu iliyozaa nahau nyingi na ngumu zaidi ni uhusiano wa tanga na upepo. Meli kubwa za Ulaya zilikuwa na matanga ya mraba yaliyoning'inizwa kwenye foromali zilizokingama mlingotini. Matanga hayo yalifanya kazi vizuri sana kwa upepo wa tezi, ule unaosukuma kutoka nyuma au ubavuni kwa nyuma. Kwenda joshi, yaani kuukaribia upepo unaotoka mbele kadiri chombo kinavyostahimili, kulikuwa shughuli ngumu. Waingereza waliita namna hii ya pili "by", na ile ya kwanza "large". Meli iliyoenda vizuri "by and large" ilikuwa meli inayofaa kwa upepo wa kila upande. Samuel Sturmy, mwandishi wa kitabu cha ubaharia, aliyatumia maneno hayo mwaka 1669. Kutoka kwenye sifa ya chombo kisichochagua upepo, nahau ikafika kwenye maana yake ya sasa: kwa jumla, ukitazama mambo kwa pande zote. Leo msemaji wa Kiingereza huitumia pasipo kufikiria bahari hata kidogo.

Hatari ya kwenda joshi ilikuwa hii. Mshika usukani akizembea kidogo, au upepo ukigeuka ghafla, ulipiga uso wa mbele wa matanga na kuyabandika kwenye milingoti. Meli iliyokuwa ikienda mbele ilisimama, ikatetemeka na kuanza kurudi nyuma, na upepo ukiwa mkali milingoti ilivunjika. Meli ya namna hiyo ilisemwa kuwa "taken aback". Katika karne ya 19 maneno hayo yalihamia kwa binadamu aliyepatwa na jambo asilolitarajia akabaki ameduwaa. Asiyejua asili yake huifasiri kuwa mshangao wowote ule. Anayejua anaelewa kwa nini Mwingereza haitumii kwa furaha tupu: ndani yake mna ule msimamo wa ghafla, mtu kurudishwa nyuma na jambo lililomkabili.

Kutoka katika zoezi hilo hilo ilizaliwa "to sail close to the wind". Nahodha anayeukaribia upepo mno huenda akafika mapema, na huenda akapoteza milingoti. Kwa hiyo husemwa kwa mtu anayefanya mambo yaliyo karibu kabisa na kuvunja sheria au adabu, ila bado hajavuka mpaka. Nayo "leeway" ilikuwa kipimo cha jinsi chombo kinavyosukumwa ubavu kuelekea upande wa demani, ule upepo unakoelekea, huku omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, ikiwa imeelekea kwingine. Nahodha mwenye busara aliacha nafasi ya kutosha baina yake na miamba ya upande huo. Ndiyo sababu leo mfanyakazi hupewa "leeway", uhuru wa kiasi fulani wa kuamua, na aliyechelewa huambiwa ana "leeway" ya kufidia. Maana hizi mbili huwachanganya wanafunzi wengi kwa kuwa zinaonekana kupingana. Zote zimetoka katika nafasi ile ile ya maji: mmoja ameachiwa nafasi hiyo, mwingine ameshasukumwa ndani yake.

Nahau inayopotosha kuliko zote ni "three sheets in the wind", inayomaanisha kulewa sana; siku hizi wengi husema "to the wind". Mwanafunzi hufikiria mashuka matatu, au karatasi, na hata aliyesikia kwamba ni nahau ya baharini hukisia kuwa ni matanga. Kwa lugha ya meli "sheet" ni kamba, ile ambayo mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki huiita demani, kamba inayoizuia pembe ya chini ya tanga. Demani ikiachiliwa, tanga hupigapiga ovyo na chombo hakishikiki. Zikiachiliwa tatu kwa pamoja, meli huyumba kama mlevi anayerudi nyumbani usiku. Nahau ilienea mwanzoni mwa karne ya 19, na mabaharia walikuwa na ngazi za ulevi: demani moja kwa aliyechangamka kidogo, tatu kwa asiyejiweza. Mzungumzaji wa Kiswahili aliyekulia pwani ana njia fupi ya kuielewa, maana Kiswahili nacho husema mambo yamekwenda mrama, na mrama ni kule kuyumba kwa chombo kinapopigwa na mawimbi.

Ulinganisho huo unastahili kusogezwa mbele kidogo. Maji yanapokupwa, chombo kilichokaa vibaya hubaki juu ya mchanga. Waingereza walisema kiko "high and dry", na wakampa maana hiyo mtu aliyeachwa na wenzake bila msaada. Kiswahili kina kitenzi kupwelewa, kwa chombo na kwa mtu aliyekwama. Kung'oa nanga kumekuwa neno la kawaida la watangazaji wa michezo kwa mashindano yanayoanza, na kuokoa jahazi ni kazi ya mchezaji anayefunga bao dakika za mwisho. Watu wawili wa bahari mbili tofauti, wakifanya kazi inayofanana, wamefikia picha zinazokaribiana bila mmoja kumwiga mwenzake.

Urambazaji ulichangia nahau chache, na moja imebadilika tahajia hadi asili yake ikafichika. "Plain sailing", jambo rahisi lisilo na vikwazo, iliandikwa pia "plane sailing", kwa neno linalomaanisha bapa. Ilikuwa njia ya kupiga hesabu ya safari kwa kuichukulia bahari kana kwamba ni tambarare, bila kujali mviringo wa dunia. Kwa safari fupi hesabu hiyo ilitosha, na ilikuwa nyepesi kuliko zile za mviringo, ndiyo maana wanagenzi waliipenda. Wamarekani wengi siku hizi husema "smooth sailing", na asili ya kihesabu imefutika kabisa katika umbo hilo. "To give a wide berth", kumkwepa mtu au jambo, inatokana na nafasi ya maji ambayo meli iliachiwa ili isigongane na nyingine ikiyumba kwenye nanga yake.

Kuhusu nanga, kuna nahau inayohitaji maelezo marefu zaidi. Amari ya meli kubwa ya vita ilisokotwa kwa katani, na mzingo wake ulifika sentimita 60. Ndani ya meli ilizungushwa kwenye magogo mawili mazito yaliyokitwa sitahani, yaliyoitwa "bitts". Kipande cha amari kilichobaki nyuma ya magogo hayo, upande wa ndani, kiliitwa "bitter end". Kapteni John Smith, mwanzilishi maarufu wa koloni la Jamestown huko Virginia, alikieleza katika "A Sea Grammar", kitabu chake cha mwaka 1627. Amari ikishatolewa yote hadi kipande hicho, hakuna tena cha kuongeza: nanga ikishindwa kukamata chini, chombo kinakwenda na maji. Kwa hiyo kupigana "to the bitter end" ni kupigana mpaka mwisho kabisa. Kwa sikio la Mwingereza wa leo neno "bitter" ni uchungu tu, na Biblia ya Kiingereza nayo inazungumzia mwisho mchungu kama pakanga katika kitabu cha Mithali. Yaelekea mikondo hii miwili ilikutana, ule wa amari na ule wa uchungu, na kila mmoja ukaupa mwingine nguvu. Historia ya nahau ina mifano mingi ya aina hii, ambapo kutafuta chanzo kimoja tu ni kuidhulumu lugha.

Nidhamu na vita vilileta kundi lingine. Serahangi wa manowari alitoa amri kwa filimbi, na mlio wa mwisho wa siku, "pipe down", uliwapeleka mabaharia chini wakalale. Leo ni amri kali ya kumnyamazisha mtu. Jeshi la Majini la Kifalme liligawa meli zake kwa madaraja kulingana na idadi ya mizinga, na zenye mizinga 100 au zaidi ziliitwa "first-rate", sifa ambayo sasa hupewa hoteli, mwalimu au chakula. Mpishi wa meli alikusanya mafuta yaliyoganda juu ya maji ya kuchemshia nyama ya chumvi, akayauza bandarini kwa watengeneza mishumaa. Fedha za "slush" hiyo hazikupita katika hesabu rasmi, na wanasiasa wa Marekani katika karne ya 19 wakalichukua jina "slush fund" kwa fedha za siri za kuhongea.

Mzinga mmoja wa kurusha risasi ya ratili 32 ulikuwa na uzito wa karibu tani 3 na ulikaa juu ya magurudumu, umefungwa kwa kamba nene. Ukifunguka wakati meli inapoyumba, uliponda watu na kuvunja mbao za ubavuni. Hata hivyo "loose cannon", mtu asiyetabirika anayewadhuru hata wenzake, haikuanzia kwa mabaharia wa Kiingereza. Umaarufu wa picha hiyo ulitokana na Victor Hugo, Mfaransa, ambaye katika riwaya yake ya mwaka 1874 kuhusu mapinduzi ya Ufaransa alielezea kwa kirefu mzinga uliofunguka melini.

Bendera nayo ilikuwa lugha. Sheria za vita ziliruhusu meli kusogea kwa hila ikipeperusha bendera ya taifa jingine, mradi iinue ya kwake kabla ya kufyatua risasi ya kwanza. Kitendo hicho ni "to show one's true colours", kudhihirisha nia halisi. Kushusha bendera kulikuwa kusalimu amri. Katika vita vya Camperdown dhidi ya Waholanzi, tarehe 11 Oktoba 1797, mlingoti wenye bendera ya Admirali Duncan kwenye meli Venerable ulivunjwa kwa mizinga. Baharia mmoja kijana kutoka Sunderland, Jack Crawford, alipanda juu huku risasi zikipigwa na kuipigilia bendera kwa misumari, isiweze tena kushushwa. Sanamu yake ilisimamishwa mjini kwao mwaka 1890. "To nail one's colours to the mast" ni kutangaza msimamo hadharani kwa namna isiyoacha njia ya kurudi nyuma, na kisa cha Crawford kilisaidia kuieneza.

Kisa mashuhuri zaidi ni cha Horatio Nelson. Jicho lake la kulia lilipoteza nuru kwenye mapigano ya Calvi, kisiwani Corsica, mwaka 1794. Tarehe 2 Aprili 1801, mbele ya Copenhagen, mkuu wake Admirali Hyde Parker alipandisha ishara ya kusimamisha mapigano. Nelson, akiwa kwenye meli Elephant, alielekeza darubini kwenye jicho bovu na kusema kwamba haioni ishara. Mapigano yakaendelea mpaka yakafikia makubaliano ya kusitisha vita. Kanali William Stewart, aliyekuwa naye sitahani, ndiye aliyekisimulia kisa hicho, na wako wanahistoria wanaoshuku kama darubini iliinuliwa kweli. Lililo wazi ni kwamba "to turn a blind eye", kujifanya huoni, ilipata nguvu yake kutokana na simulizi hiyo. Mwanafunzi azingatie kwamba nahau hii haimhusu mtu asiyeona. Inamhusu aliyeona vizuri, akaamua kupuuza. Ndiyo sababu hutumiwa zaidi kumlaumu mwenye mamlaka anayeachia uovu uendelee.

Swali la msingi la kihistoria ni jinsi maneno haya yalivyovuka kutoka sitahani hadi kwa watu ambao hawakuwahi kupanda meli. Sababu ya kwanza ni wingi wa mabaharia. Katika miaka ya mwisho ya vita dhidi ya Napoleon, Jeshi la Majini lilikuwa na zaidi ya watu 140,000, wengi wao wakiwa wamekamatwa kwa nguvu bandarini na kwenye vilabu vya pombe na vikosi vya kuandikisha watu. Vita vilipokwisha mwaka 1815, wengi waliachishwa kazi wakarudi mijini na vijijini na lugha yao mdomoni.

Sababu ya pili ni waandishi, na hapa bahati ya Kiingereza ilikuwa kubwa. Tobias Smollett alihudumu kama msaidizi wa daktari melini katika msafara wa Cartagena mwaka 1741, kisha akaandika riwaya ya "Roderick Random" mwaka 1748, iliyojaa usemi wa mabaharia. Frederick Marryat alikuwa ofisa wa jeshi hilo kabla ya kuwa mwandishi wa riwaya zilizosomwa mno na vijana. "Mr Midshipman Easy" ilitoka mwaka 1836. Charles Dickens alizaliwa Portsmouth mwaka 1812 kwa sababu baba yake alikuwa karani wa malipo ya Jeshi la Majini, na sehemu ya utoto wake ilipita Chatham, karibu na karakana ile ya kamba. Hawa walizitia nahau za sitahani vinywani mwa wahusika wao, na wasomaji wa London na Edinburgh wakazipokea.

Sababu ya tatu haitajwi mara nyingi, nayo ndiyo yenye uzito zaidi kwa mtu anayejifunza leo: mabaharia wenyewe waliandika kamusi za kazi yao. Smith aliandika mwaka 1627 akiwa mtu aliyevuka Atlantiki. William Falconer, mtoto wa Edinburgh aliyeanza bahari akiwa kijana mdogo na kunusurika katika ajali ya meli, alichapisha mwaka 1769 kamusi kubwa ya mambo ya bahari, "An Universal Dictionary of the Marine", iliyoeleza kila sehemu ya chombo, kila kamba na kila mwendo. Mwaka huo huo alipanda meli Aurora kuelekea India, na baada ya kutoka Cape Town meli hiyo haikuonekana tena. Kamusi yake ilibaki, ikachapishwa mara nyingi. Admirali William Henry Smyth alikusanya maelfu ya maneno katika "The Sailor's Word-Book", iliyotoka mwaka 1867, miaka miwili baada ya kifo chake. Bila watu hawa, meli za moshi zilipoyafuta matanga, nahau zingebaki maneno yatima.

Watu wa kamusi na walimu walikuja baadaye. Kamusi ya Oxford, iliyoanza kutoka kwa sehemu mwaka 1884 chini ya James Murray na kukamilika mwaka 1928, ilitafuta tarehe ya kwanza ya kila matumizi. Logan Pearsall Smith, katika "Words and Idioms" ya mwaka 1925, alionyesha jinsi bahari ilivyoichangia lugha ya kila siku. Mwalimu A. S. Hornby na wenzake, wakifundisha Kiingereza Japani, waliona kwamba mgeni anahitaji kamusi inayompa nahau pamoja na namna ya kuitumia. Kamusi yao ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, na Oxford ikaitoa upya mwaka 1948. Warithi wa kamusi hiyo wamo mikononi mwa wanafunzi wa sekondari wa Kenya, Tanzania na Uganda hadi leo.

Ufanisi wa bahari katika kuzaa nahau uliwaletea wasimulizi hamu ya kupita kiasi. Kila nahau isiyoeleweka ilitafutiwa meli, na hadithi nyingi zinazotembea katika vitabu vya watalii ni za kubuni. Husemwa kwamba "posh", ya kifahari, ni kifupisho kilichopigwa chapa kwenye tiketi za matajiri waliokwenda India kwa njia ya Suez, wakitaka vyumba vya upande wa kivuli wakati wa kwenda na wa kurudi. Tiketi ya namna hiyo haijapatikana hata moja, na wahariri wa kamusi ya Oxford hawaikubali hadithi hiyo. Husemwa pia kwamba "to let the cat out of the bag", kutoboa siri, inahusu mjeledi wa mabaharia, ulioitwa "cat", uliotolewa mfukoni kabla ya adhabu. Lakini maana ya nahau haina adhabu yoyote, na matumizi yake ya mwanzo, ya mwaka 1760, hayahusiani na meli. "Square meal", mlo wa kushiba, haikutokana na sahani za mraba za melini. Ni ya Marekani ya katikati ya karne ya 19.

Mfano mgumu zaidi ni "between the devil and the deep blue sea", kuwa kati ya hatari mbili. Wapo wanaoeleza kwamba "devil" ni mshono mrefu wa mbao ubavuni mwa meli, na baharia anayeukalafati huning'inia juu ya maji. Ni maelezo yanayovutia. Lakini Robert Monro, ofisa wa Kiskoti aliyepigana nchi kavu huko Ujerumani, alitumia usemi unaokaribia huo katika kitabu chake cha mwaka 1637, akiwa amebanwa kati ya risasi za adui na za upande wake mwenyewe, na hakuna mshono wa meli popote katika habari yake. Shetani wa kawaida anatosha kuieleza nahau hiyo.

Safari nyingine ilikwenda kinyume kabisa. "In the doldrums", kuwa katika hali ya kudorora, hudhaniwa kutoka kwenye ukanda wa bahari karibu na ikweta ambako upepo hufa na matanga hulegea. Ukweli ni kwamba neno lilianza kumaanisha unyong'onyevu wa moyo nchi kavu, kisha mabaharia waliokwama kwa wiki nyingi wakalitumia kwa hali yao, na baadaye likageuka jina la eneo lenyewe. Njia ya kupima madai haya ni moja: kutafuta maandishi ya zamani, kulinganisha tarehe, na kuuliza kama maana ya kazini inaweza kweli kuzaa maana ya leo. Hadithi isiyofaulu kipimo hicho iachwe, hata ikiwa tamu.

Nahau zenyewe hazina umri sawa katika matumizi. "By and large" na "turn a blind eye" ni za kila siku, zinafaa katika barua rasmi na hotuba. "Pipe down" ni ya ukali na haisemwi kwa mkubwa. "Three sheets to the wind" imezeeka, na kijana wa London anaweza asiwahi kuitamka. Nyingi zimeganda katika umbo: jicho katika "turn a blind eye" hubaki moja hata wahusika wakiwa watu mia.

Kiswahili kina hazina ya aina hiyo hiyo: joshi na demani, tezi na omo, dasi, bildi, farumi, ngama. Kamusi ya A. C. Madan ya mwaka 1903 na ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ziliyaandika mengi ya maneno hayo, zikiyaeleza kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni. Methali ya kwenda tezi na omo na kurejea ngamani inatajwa darasani na vijana ambao hawajawahi kuonyeshwa ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, ni wapi. Majahazi bado yanatengenezwa na kusafiri Lamu, Unguja na Kilwa, na mafundi na manahodha wanaoweza kueleza kila kamba bado wapo. Vyuo na mabaraza ya Kiswahili yawaandike sasa, kwa Kiswahili, wakiwa kazini, kama Falconer alivyoiandika kazi yake kabla ya kupanda Aurora.